Akifukuzwa mgeni, ananyamazishwa nani?

Katoro ni mji wa watu waliotoka kwingine. Msukuma wa Kahama, Msumbwa wa Bukombe, Muha wa Kibondo, Mhaya wa Muleba, Mkurya aliyefuata dhahabu Nyarugusu akaishia kufungua duka la vipuri vya pikipiki: wote wanakutana kwenye barabara moja itokayo Geita kwenda Bwanga na Chato, na biashara yao inavuka hadi Buseresere bila mtu kukumbuka kwamba ameshahama wilaya. Karasha zinasaga mawe, magunia ya mchele yanapakiwa, wapiga debe wanaitia Mwanza na Biharamulo. Katika mji wa namna hii kumuuliza mtu ni mwenyeji wa wapi ni salamu tu, na anayeuliza naye huwa tayari kuulizwa. Salamu hiyo ilibadilika sura mwaka 2013.

Julai mwaka huo, akiwa Biharamulo, Rais Jakaya Kikwete aliwataka wahamiaji wasio na vibali wawe wameondoka ifikapo tarehe 11 Agosti. Septemba ikaja Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Geita, Kagera na Kigoma. Maelfu walivushwa mpaka kuelekea Rwanda, Burundi na Uganda, na nyuma yao yakaja malalamiko kwamba walikuwemo watu walioishi huku miongo mingi, waliooa huku, wenye watoto wanaosoma huku. Hayo yaliandikwa sana wakati ule. Kisichoandikwa ni tabia iliyobaki. Mtu mwenye lafudhi ya Kirundi alijifunza kukaa nyuma kwenye mkutano wa kijiji. Mchango wa darasa anatoa, msingi anachimba, lakini ikifika zamu ya kuuliza fedha zimekwenda wapi, anamwachia jirani. Hakuna sheria iliyomkataza kuuliza. Anachoogopa ni swali litakalofuata la kwake: na wewe, karatasi zako ziko wapi?

Mwanafunzi anayesoma ugenini anaishi na hofu hiyohiyo, ingawa yeye karatasi anayo, imegongwa mhuri, ina picha yake na tarehe ya kuisha. Karatasi inasema anaruhusiwa kusoma. Kuhusu kusema, mara nyingi haitaji kitu. Siku atakapotamka jambo likawaudhi wakubwa, si lazima apelekwe mahakamani kujibu alichotamka. Kibali kitafutwa, na kuanzia saa hiyo atahesabiwa kuwa mtu asiye na kibali. Mtu asiye na kibali anaondolewa kwa kukosa kibali. Maneno yake hayatajwi popote kwenye jalada. Hapo ndipo ulipo ujanja wote. Serikali haihitaji kushinda hoja.

Suala hili limefika hadi kwenye steshenari za miji kama Katoro, zile za kompyuta mbili na mashine ya kutolea fotokopi, ambako vijana hujaziwa maombi ya vyuo, ya mkopo, ya pasipoti na, kwa wachache, ya viza. Tangu mwaka 2019 fomu ya viza ya Marekani inamtaka mwombaji aorodheshe majina yote anayoyatumia kwenye mitandao ya kijamii kwa miaka mitano iliyopita. Juni 2025 likaongezwa agizo kwamba wanaoomba viza za masomo waziache akaunti zao wazi ili maofisa wapite humo wasome. Nitairudia fomu hiyo. Lakini kabla ya kumshangaa Mmarekani, tunayo kesi yetu wenyewe, ya zaidi ya miaka hamsini iliyopita, na tunaisimulia mara chache mno.

Symonds Akivaga alikuwa Mkenya akisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1971 alikuwa pia kiongozi wa DUSO, jumuiya ya wanafunzi wa chuo hicho. Yaani wanafunzi wa Mlimani, kama chuo hicho kinavyoitwa, ambao wengi wao walikuwa Watanzania, walikuwa wamemchagua Mkenya awasemee. Kwa wakati ule halikuwa jambo la kushangaza. Hadi katikati ya mwaka 1970 chuo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. Kitivo chake cha sheria, kilichoanza mwaka 1961 ndani ya jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kiliwafundisha wanasheria wa nchi zote tatu. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, alipata shahada yake ya kwanza ya sheria hapo. Yoweri Museveni wa Uganda alisoma hapo kati ya 1967 na 1970. John Garang wa Sudan naye alipita. Mganda aliweza kumkosoa waziri wa Tanzania mbele ya Mmalawi, Mtanzania akamtetea waziri wake, na kesho yake wakakutana darasani.

Museveni aliongoza kikundi cha wanafunzi wa mrengo wa kushoto kilichojulikana kwa kifupi kama USARF, kilichokusanya vijana wa nchi mbalimbali za Afrika. Novemba 1969 wanafunzi hao walianza kutoa jarida lao, Cheche, na miongoni mwa wahariri alikuwa Karim Hirji. Mwaka 1970 jarida likachapa toleo zima la Issa Shivji, kijana wa sheria, lililochambua matabaka yaliyokuwa yakiota ndani ya nchi iliyojiita ya kijamaa. Kabla mwaka haujaisha, USARF na Cheche vyote vilikuwa vimepigwa marufuku. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba jina la jarida lilifuata lile la gazeti la Lenin, Iskra, na kwamba Tanzania ilikuwa na itikadi yake, haikuhitaji kuazima. Ukiitazama orodha ya waandishi, walikuwemo Watanzania waliozaliwa na kukulia hapahapa. Lakini kikundi chenye wageni ni rahisi kukiita cha kigeni, na kikishaitwa hivyo hakuna anayelazimika kujibu walichokiandika.

Katika mwaka huohuo chuo kilikuwa kimepata mamlaka yake. Tarehe 1 Julai 1970 kilikuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo, na Makamu Mkuu wa kwanza akawa Pius Msekwa, mwana wa Ukerewe, aliyetoka moja kwa moja kwenye utendaji wa juu wa TANU. Wasomi wengi walilitafsiri hilo kama chama kuingia chuoni na funguo zake. Kisha Februari 1971 chama chenyewe kikatoa Mwongozo. Ibara yake ya 15 ilikataza ubwana baina ya kiongozi na anayeongozwa. Kiongozi asiwe na majivuno, asiwe mkandamizaji. Waraka huo ulisomwa kwa makini kuliko waandishi wake walivyotarajia. Wafanyakazi wa viwandani waliunukuu mbele ya mameneja. Wanafunzi wa Mlimani nao waliusoma, wakautazama utawala wao, wakaona mambo hayalingani.

Julai 1971 Akivaga alimwandikia Makamu Mkuu barua ya wazi. Iliulalamikia utawala wa kuamua mambo bila kuwashirikisha wanafunzi, na ililalamika kwa lugha ya chama chenyewe, ya Mwongozo. Hakukuwa na siri ndani yake wala wito wa kuipindua serikali. Ilikuwa barua ya kiongozi wa wanafunzi kwa mkuu wa chuo, ya aina ambayo vyuo hupokea kila mwaka na kuitupa kwenye trei.

Jibu lilikuja na FFU, polisi wa kutuliza ghasia. Askari wenye silaha walifika chuoni, wakamchukua, wakampeleka uwanja wa ndege, akapandishwa ndege ya Nairobi. Hakukuwa na kikao cha nidhamu ambacho angesimama ajitetee. Hiyo ndiyo sehemu ninayotaka msomaji aitazame taratibu, maana kama Akivaga angekuwa Mtanzania, mambo yangekwenda vingine, na tunajua hivyo kwa sababu yalishawahi kwenda. Oktoba 1966 wanafunzi karibu 400 waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu aliwapokea, akawasikiliza, akakasirika, akawafukuza wote warudi kwao. Ilikuwa adhabu kali. Lakini kwao palikuwa Tanzania. Walibaki ndani ya nchi, wazazi wao waliweza kuwaombea kwa wabunge, na waliotaka kusoma wengi wao walipokelewa tena baada ya muda. Mkenya wa 1971 alipakiwa kwenye ndege, na ndege ikiondoka ugomvi unahesabiwa umekwisha.

Haukuisha. Wanafunzi walisusia masomo, na wahadhiri nao wakatoa sauti zao. Wakati huo TANU ilikuwa ndiyo chama pekee Tanzania Bara na chuo kilikuwa mali ya serikali. Kusimama na mtu aliyekwisha kuondolewa na polisi hakukuwa jambo jepesi. Hoja yao ilikuwa rahisi na ndiyo iliyonivuta niandike makala haya. Hawakusema, mwoneeni huruma mgeni wetu. Walisema mliyemwondoa ni kiongozi wetu, tuliyemchagua sisi, na barua aliyoiandika ilikuwa yetu. Pasipoti ilikuwa ya Kenya lakini sauti ilikuwa ya wanafunzi wa Tanzania.

Mwaka uliofuata Akivaga alirudishwa chuoni. Baadaye alikuwa mhadhiri wa siasa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Msekwa aliendelea hadi kuwa Spika wa Bunge, tangu 1994 hadi 2005. DUSO yenyewe haikudumu: baada ya maandamano ya Machi 1978 dhidi ya marupurupu ya wabunge na mawaziri, ilifutwa, na mahali pake pakawekwa MUWATA, jumuiya ya wanafunzi iliyokuwa chini ya mwavuli wa chama. Safari hiyo waliofukuzwa walikuwa ni mamia ya wenyeji.

Kinachofanya kisa cha Akivaga kiniume zaidi ni kwamba Dar es Salaam ileile, miezi ishirini hivi kabla, ilikuwa imeonyesha njia nyingine. Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, alikuwa mhadhiri Mlimani. Alikuja akiwa tayari na jeraha la aina hii: Oktoba 1968, akirejea Jamaica kutoka mkutanoni Montreal, alizuiwa kushuka kwenye ndege, na kesho yake wanafunzi wake wakaandamana Kingston hadi mji ukawaka. Desemba 1969, kwenye semina ya vijana wa Afrika Mashariki na ya Kati, Rodney alitoa hotuba iliyowashambulia watawala wa Afrika huru, akawaona kama watu waliorithi viti vya wakoloni. The Nationalist, gazeti la TANU ambalo mhariri wake alikuwa Benjamin Mkapa, lilichapa hotuba hiyo. Kisha tarehe 13 Desemba likaijibu kwa tahariri kali, likisema Tanzania haitakubali ukarimu wake utumike kuhubiri kuangushwa kwa serikali za jirani. Rodney akaandika barua ya kujieleza. Akabaki. Akaendelea kufundisha hadi 1974, na mwaka 1972 Tanzania Publishing House ilishiriki kuchapa kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoifukarisha Afrika, ambacho hadi leo husomwa kuliko hotuba za wengi waliomkasirikia.

Tahariri ile ilimuumiza Rodney, na nadhani ilikusudia kumuumiza. Ilikuwa na onyo ndani yake, wala sijifanyi kwamba onyo la gazeti la chama tawala ni maneno matupu. Lakini ilikuwa hoja iliyojibiwa kwa hoja, mbele ya wasomaji, na msomaji wa gazeti aliweza kupima nani kasema kweli. Kwa Akivaga hakuna aliyepewa nafasi ya kupima chochote.

Najua upande wa pili unavyosema, kwa sababu nimeusikia Katoro kama nilivyousikia Dar es Salaam. Mgeni ana adabu zake. Umepokelewa, umepewa chumba, sasa unaanza kumfundisha mwenye nyumba kupanga viti. Na Tanzania ya wakati ule ilikuwa na sababu za kuogopa ambazo vijana wa leo hawazijui: ilikuwa makao ya wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini na Zimbabwe, na Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa jijini Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alichotumiwa kwa posta. Nchi ambayo mgeni wake amelipuliwa ina haki ya kuuliza nani anaingia na anafanya nini. Hilo silibishi. Kila serikali duniani huamua nani aingie, na mwanafunzi anayefanya fujo, anayetishia watu au anayefadhiliwa na jeshi la nchi nyingine hawezi kujificha nyuma ya kitambulisho cha chuo.

Lakini Mondlane huyohuyo ni shahidi wa upande mwingine. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi Mwafrika kutoka Msumbiji katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, serikali mpya ya makaburu ilikataa kumwachia kibali cha kuendelea kusoma, akarudishwa kwa Wareno. Wenzake chuoni walipiga kelele. Waliomfukuza hawakuwa na hoja ya kumjibu, walikuwa na sheria ya vibali. Na mwaka huohuo wa 1949, kijana mmoja mwalimu kutoka Tanganyika, akisomeshwa kwa fedha za serikali ya kikoloni, alifika Edinburgh. Kabla hajahitimu mwaka 1952 alikuwa amesimama kwenye mikutano ya hadhara kupinga mpango wa Waingereza wa kuunganisha Rhodesia mbili na Nyasaland chini ya walowezi wachache. Aliyemlipia ada ndiye aliyekuwa akimpinga. Hakurudishwa Butiama. Tungeweza kuuliza historia yetu ingekwendaje kama ofisa mmoja London angeamua kwamba Julius Nyerere ni mgeni asiye na adabu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijawahi kuusikia msemo huo ukitumiwa kwa mgeni aliyekaa kimya.

Sheria inasemaje? Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 18, inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Ibara ya 21, ya kushiriki katika kuiongoza nchi, inampa raia. Waandishi wa Katiba walipotaka kumtenga asiye raia walifanya hivyo waziwazi. Kwenye maoni hawakumtenga. Lakini mwanafunzi wa kigeni hapa anaishi kwa kibali cha ukaazi daraja C, na Sheria ya Uhamiaji inaruhusu kibali kufutwa. Katiba inalinda anachosema. Kibali kinachomweka mahali pa kusemea kiko mikononi mwa ofisa. Hata Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010 na kufungua milango kwa wanafunzi wa nchi wanachama, imeacha upenyo: nchi mwenyeji inaweza kumzuia mtu kwa sababu za usalama, sera ya umma au afya. Upenyo wa afya unaeleweka. Ule wa sera ya umma unaweza kupitisha tembo.

Mahali ambapo mambo haya yaliwahi kupimwa vizuri ni Botswana. Kenneth Good, Mwaustralia aliyefundisha siasa Chuo Kikuu cha Botswana kwa miaka kumi na tano, aliandika mada mwaka 2005 akikosoa namna marais wa nchi ile walivyokuwa wakirithishana kiti. Februari Rais Festus Mogae alimtangaza mhamiaji asiyetakiwa. Mei akaondolewa, baada ya kupewa saa chache za kufungasha. Sababu hazikutolewa, na sheria ilisema hazilazimiki kutolewa. Alikwenda Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, na mwaka 2010 Tume ikaamua kwamba Botswana ilikiuka Mkataba wa Afrika: haki yake ya kusikilizwa, uhuru wake wa kujieleza, na ile kanuni ya ibara ya 12 kwamba mgeni aliyeingia kihalali haondolewi ila kwa uamuzi uliofuata sheria. Serikali ya Botswana haikuutekeleza. Hata hivyo uamuzi upo, na mwanafunzi wa Burundi anayesoma Mwanza anaweza kuutaja, kwa sababu Tanzania imeridhia mkataba huohuo.

Kwa ukanda wetu wa Ziwa kuna jambo jingine la kuongeza, na ni baya zaidi. Mstari kati ya raia na mgeni hapa si wa wino mzito. Mwaka 2001 Jenerali Ulimwengu, mwandishi aliyezaliwa Kagera, mtu aliyewahi kuwa mkuu wa wilaya na mbunge, aliambiwa na serikali kwamba si raia. Magazeti ya kampuni yake wakati huo yalikuwa yakiikosoa serikali bila kupumzika. Alipitia taratibu za kuomba uraia wa nchi aliyoitumikia. Kwa hiyo anayedhani mjadala huu ni wa Wakenya na Wakongo peke yao afikirie tena. Aliyezaliwa karibu na mpaka anaweza kuamka mwenyeji na kulala mgeni, na inatokea mara nyingi zaidi kwa wenye maneno mengi.

Mwaka 2025 tuliona sura ya hadharani. Mei, Martha Karua, aliyekuwa Waziri wa Sheria wa Kenya, alizuiwa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam na kurudishwa kwao alipokuja kuhudhuria kesi ya uhaini ya kiongozi wa upinzani Tundu Lissu. Rais Samia Suluhu Hassan alionya kwamba wanaharakati wa nje wasiingilie mambo ya Tanzania. Wanaharakati Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda walikamatwa. Siku chache baadaye Mwangi akaonekana Kwale, pwani ya Kenya, na Atuhaire akaachwa Mutukula, mpaka ambao wafanyabiashara wa Katoro wanaufahamu kwa kila duka. Wote wawili walisema waliteswa wakiwa kizuizini, na polisi wa Dar es Salaam wakakanusha. Hawakuwa wanafunzi. Lakini wanafunzi wa Kenya na Uganda waliopo katika vyuo vyetu walizipata habari hizo kwenye simu zao kama sisi sote, na hawakuhitaji kuandikiwa waraka ili waelewe.

Miezi miwili kabla yake, tarehe 25 Machi, maofisa waliofunika nyuso walimkamata Rümeysa Öztürk barabarani karibu na Boston, Marekani. Alikuwa Mturuki, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Tufts. Mwaka mmoja nyuma alikuwa ameshirikiana na wenzake watatu kuandika maoni katika gazeti la wanafunzi, wakikitaka chuo kikubali maazimio ya wanafunzi kuhusu Gaza. Viza yake ilikuwa imefutwa bila kuambiwa. Alisafirishwa hadi Louisiana, akakaa kizuizini zaidi ya wiki sita, hadi tarehe 9 Mei jaji alipoamuru aachiwe. Momodou Taal, Mwingereza mwenye asili ya Gambia aliyesomea masomo ya Afrika Cornell, aliamua kuondoka mwenyewe Machi 31, baada ya kuona mahakama hazingemkinga na hatua kama hiyo kwa wakati. Ukiiweka kesi ya Öztürk kando ya barua ya Akivaga, vinafanana kiasi cha kuchosha: andiko dogo la chuoni, lililoelekezwa kwa utawala wa chuo, likajibiwa na dola.

Tarehe 30 Septemba 2025 jaji William Young wa Boston aliamua, katika kesi iliyofunguliwa na jumuiya za wahadhiri, kwamba mtu asiye raia aliyemo Marekani kihalali ana uhuru wa kusema sawasawa na raia. Waliofungua kesi hawakuwa wanafunzi waliokamatwa. Walikuwa walimu na wasomi waliosema kwamba wenzao wageni wamenyamaza, hawaandiki, hawaji kwenye mijadala, na kwamba hasara hiyo ni yao pia. Wanafunzi wa Mlimani walisema jambo karibu na hilo mwaka 1971, bila jaji.

Uamuzi huo, hata ukidumu, unamhusu aliyekwisha kuingia. Aliyesimama nje ya mlango hana kinga hiyo. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Ernest Mandel, Mbelgiji wa siasa za Marx aliyealikwa na vyuo kuzungumza akanyimwa viza. Mahakama ilikubali kwamba Wamarekani waliomwalika wana maslahi ya kumsikia, kisha ikasema serikali ikitoa sababu moja halali inatosha, majaji hawatachungulia zaidi.

Basi turudi kwenye steshenari na fomu yetu. Sehemu ya mitandao ya kijamii ina orodha ya kuchagua, na X imo kwa jina lake la zamani la Twitter. Mtandao huo umefungwa Tanzania tangu Mei 2025. Anayeingia huko anatumia VPN, na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilishatangaza Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN wajisajili. Kijana anatakiwa kuiambia nchi ya kigeni, kwa kiapo, jina analotumia mahali ambapo nchi yake haitaki awe. Akiacha kuandika, amedanganya ubalozi. Anaamua kuifuta akaunti, kisha anakumbuka kwamba swali ni la miaka mitano iliyopita. Kuna ucheshi mchungu hapo, na watu wa steshenari wanaujua. Wao hushauri kitu kimoja tu, andika ukweli halafu omba Mungu.

Tangu 1 Januari 2026 hata sala hiyo imepungua kazi, maana Marekani imeiingiza Tanzania kwenye orodha ya nchi zilizosimamishiwa viza kadhaa, zikiwemo za masomo. Wazazi wenye fedha za dhahabu na mchele wanatazama kwingine: India, China, Uturuki, na kwa wengi, Kampala, ambako basi linafika kwa kupitia Bukoba na Mutukula na hakuna anayeuliza majina ya mitandao. Kijana wa Katoro atakayekwenda huko atasoma katika nchi inayoongozwa tangu 1986 na aliyewahi kuwa mwanafunzi mgeni Dar es Salaam, kiongozi wa USARF, mwenye maneno makali kuhusu serikali za Afrika na asiyewahi kupandishwa ndege kwa ajili ya maneno hayo. Atakapofika aitafute Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011. Kwa sheria hiyo Stella Nyanzi, raia wa Uganda aliyekuwa mtafiti wa Makerere, alifungwa mwaka 2019 kwa shairi kuhusu Museveni aliloliweka Facebook. Mahakama Kuu ilimwachia Februari 2020.